Mstari Niliouficha kwa Mgongo

Kwetu Kisangani jambo halijawa kweli mpaka libandikwe ukutani. Matokeo ya shule, majina ya wapiga kura, siku za kukatwa umeme ingawa maji ya barrage, lile bwawa la umeme, tunayasikia, yote hubandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya komini kwa uji mzito wa muhogo, na hukaa pale mpaka mbuzi waje kulamba. Kwa hiyo orodha ya wahanga wa vita ilipotoka, hakuna aliyeshangaa. Tulikuja tumevaa vikwembe vizuri.

Shule mimi niliiachia darasa la nne. Nasoma kwa kidole. Wengine hawasomi kabisa, ndiyo maana kuna papa mmoja, mzee aliyekuwa mwalimu, anayesimama mbele ya ukuta na kuwasomea watu. Siku ile sauti yake ilikuwa ndogo, nikamfokea mimi mwenyewe kutoka nyuma:

"Papa, soma na nguvu! Hatukuya kusikiliza mbu!"

Watu wakacheka. Akasoma kwa nguvu.

Alisoma namba, jina, avenue anayokaa mtu, simu. Kisha akaendelea, kwa sababu mstari uliendelea, na mwalimu haachi mstari katikati. Akasoma kile ambacho wanajeshi walimfanyia mama mmoja muuza kwanga, ule mkate wa muhogo, aliyesimama hatua mbili tu kutoka kwangu, mume wake ubavuni. Maneno yalimtoka mwalimu kabla hajayaelewa. Kicheko kikakatika. Yule mama hakulia. Alifungua kitambaa chake cha kichwa, akakifunga tena, akaondoka peke yake.

Ndipo nikakumbuka safu ya mwisho.

Miaka miwili kabla ya hapo, vijana wa serikali wenye kompyuta waliniketisha kwenye kiti cha plastiki, wakaniuliza zile siku sita za mabomu, majeshi ya kigeni yalipopigana mjini mwetu, zilinikuta wapi. Nikawaambia, hapa hapa komini ya Tshopo, nikiwa msichana wa miaka kumi na minne. Wakauliza: nani alimchukua baba yako? Wanajeshi wageni. Lakini wageni hawajui nyumba za watu. Aliyewaonyesha yetu kwa kidole ni jirani, nami nikamtaja. Kijana akaandika kwenye safu ya mwisho, akasema: "Mama, usiogope, hii iko siri. Itabakia tu mu machine."

Jirani yule leo ni katibu wa komini. Ndiye anayebandika karatasi.

Nikapenya katikati ya watu, nikaweka kidole, nikateremka nacho. Jina langu lilikuwa pale. Mwisho wa mstari lilikuwa lake, majina yote matatu, kwa herufi kubwa. Nikageuka nikaegemeza mgongo ukutani, juu ya mstari ule.

"Mama, toka, na sisi tuone!"

"Niko na kizunguzungu," nikasema, na haukuwa uongo.

Mwalimu alikuwa amebakiza karatasi moja kabla ya kufika kwangu. Ndipo katibu akatoka ofisini na ndoo yake.

"Mama jirani, toka pale. Uko naharibu papier ya serikali."

"Tonton," nikamwita, kama mjomba, "niachie kwanza nipumuzike."

"Kupumuzika iko ku nyumba!" Akacheka, na wengine wakacheka naye. Uji ulikuwa umemkaukia kwenye vidole. Nilivitazama vile vidole. Aliisoma ile orodha, au aliibandika tu? Hata leo sijui.

Nikatoka. Nyuma yangu nikasikia kitu kikichanika, lakini sikugeuka. Nilitembea avenue nzima, macho ya watu yakiwa mgongoni, na nyumbani nilipovua blauzi nikajua uji wa ukutani ulikuwa bado mbichi: kipande cha karatasi kilikuwa kimenigandama. Kilikuwa kipande cha safu ya mwisho. Nilikuwa nimepita mbele ya katibu, nimembeba mgongoni kwa herufi kubwa.

Kwa wiki nzima kila aliyegonga mlango nilimjibu kutoka chini ya dirisha.

Halafu wabunge wakaja kutoka Kinshasa. Tuliitwa kwenye salle, ukumbi wa parokia. Walitaka kuchunguza andiko la serikali linaloipa wizara iliyowatuma wale vijana wa kompyuta ruhusa ya kugawa mafaili yetu. Mlangoni kulikuwa na karatasi ya mahudhurio: jina, avenue, simu. Nikaandika. Mkono ulikwenda wenyewe, umezoea. Nilipoinua kichwa, aliyenishikia karatasi alikuwa katibu.

Mbunge mmoja mwanamke alimbana mtu wa wizara.

"Andiko linasema mafaili yatapewa services, yaani idara, zinazohusika. Ni zipi?"

"Honorable, ni zile zote zenye kuhusika."

"Hata mwenye ndoo ya uji anahusika?"

Watu wakacheka. Mimi sikuweza. Mtu wa wizara akapangusa shingo. "Tulituma kwa komini wahakikishe watu. Kubandika, bon, ni desturi ya hapa."

Basi kosa likawa la desturi. Mimi desturi sijawahi kuiona ikitia sahihi. Majina siandiki, lakini viti nitavitaja: yule wa wizara aliyetuma mafaili mazima bila kufunika kitu, mkuu wa komini aliyeamuru yabandikwe na safu zake zote, na katibu, kwa kidole chake cha zamani. Na mimi, niliyepiga kelele isomwe kwa nguvu. Yule mama wa kwanga hauzi tena sokoni kwetu.

Mbunge akauliza kama kuna mhanga mwenye neno. Nikasimama, nikashika kiti cha mbele.

"Honorable, mutu nilitaja mu faili iko humu ndani. Sitaweza kusema akiwa ku mugongo yangu."

Shingo zote zikageuka. Mbunge akaamuru watu wote wa ofisi watoke. Katibu alitoka wa mwisho, polepole.

Nikasema yote. Nikafungua fundo la kikwembe, nikampa kile kipande cha karatasi. Alikisoma, akakishika kwa mikono miwili.

"Mama, unaomba nini?"

"Faili yangu irudi. Nilimupa ule kijana, sikupa komini."

"Hilo siwezi kukuahidi. Nitaliandika katika ripoti."

"Na ripoti inaenda wapi?"

Angalau hakunidanganya. "Ripoti inagawiwa, mama."

"Basi usiandike jina yangu."

Akakata kitu kwenye daftari lake, akaandika upya, akaligeuza nione. Nikapitisha kidole: mwanamke mmoja wa Tshopo. Kipande akanirudishia.

Nikatoka. Katibu alikuwa amesimama juani, karatasi ya mahudhurio imekunjwa mkononi mwake.

"Mama jirani," akasema, "uliongea murefu."

"Asante, tonton."

"Bon. Salimia batoto."

Nikashika njia ndefu ya nyumbani, ya kuzungukia upande wa Simi-Simi, kama vile avenue yangu haikuwa imeandikwa kwenye ile karatasi, kwa mkono wangu mwenyewe.