Nilivyomripoti mlinzi aliyekuwa akichora, kisha nikamsoma mchoraji wa alizeti

Salamu kwenu wakuu. Nayaandika haya kwa mpangilio yalivyotokea, bila kuongeza wala kupunguza.

Kwanza, nimekerwa. Kuna uzi humu unaomwita yule mchoraji Mholanzi wa alizeti "kichaa aliyejikata sikio", basi, imeisha. Mtu kachora miaka kumi hivi, kafa na miaka thelathini na saba, dunia nzima inatazama kazi zake, halafu kumbukumbu yake iwe sikio?

Nilistaafu Posta, Tanga, kwa hiari. Katikati ya miaka ya 2010 nikapata kazi Doha: msimamizi wa walinzi katika jengo la makazi pale The Pearl. Jukumu langu kuu lilikuwa kitabu cha matukio.

Kwenye lobi ilitundikwa nakala ya picha aliyoichora yule Mholanzi: mtu mwenye ndevu nyingi na koti la buluu. Wafula, mlinzi wa geti, Mkenya wa makamo na baba wa watatu, akaniuliza:

"Mzee, huyu ni captain wa meli, ama?"

"Captain gani? Soma kofia. Huyo ni mtu wa Posta."

"Posta na hizo ndevu? Si barua zilikuwa zinapotelea humo!"

Sikucheka. (Nilicheka baadaye, peke yangu.)

Ila udadisi ulinishika. Nani apoteze rangi kwa mtumishi wa Posta? Nikaazima kitabu kwa mkazi mmoja, nikawa nakisoma wakati wa mapumziko.

Wiki hiyohiyo, saa tisa alasiri, nilimkuta Wafula getini akimchora dereva wa basi la kampuni nyuma ya fomu ya wageni. Nikaandika: "Mlinzi alikutwa akichora akiwa lindoni." Saini.

"Mzee, hiyo wataisoma ni kama nililala kazini. Watanirudisha nyumbani, na watoto wako shule."

"Ungelifikiria hilo kabla ya kushika penseli."

Jioni nikafika ukurasa wa hospitali. Mchoraji amelazwa, majirani wanamwogopa. Yule mtu wa Posta anakwenda kumjulia hali, tena anamwandikia barua mdogo wa mchoraji kumweleza mgonjwa anavyoendelea.

(Kumbukumbu ziwekwe sawa: hakuwa akigawa barua nyumba kwa nyumba, kama wengi wanavyodai. Alishughulikia mifuko ya barua stesheni.)

Nikakifunga kitabu. Mtumishi mwenzangu alishika kalamu kumsaidia mchoraji. Mimi yangu ilikuwa njiani kumfukuzisha mmoja.

Asubuhi sikufuta kitu; kufuta ni kughushi. Nililinganisha daftari la geti na kamera za saa ile. Kila gari lilisimamishwa na kuandikwa. Nikayaongeza hayo chini ya maelezo ya kwanza, nikakiri kwamba nilikuwa nimeandika nusu, nikampelekea mudiri, meneja wa jengo, kitabu cha matukio kwa mkono wangu.

Wafula alipewa onyo na kuhamishiwa geti la ghala kule Industrial Area. Hakurudishwa kwao.

Siku ya kuhama hakunishukuru, wala hakuwa na wajibu huo. Alisema tu: "Mzee, next time maliza kusoma kwanza, ndio uandike."

Nilichojifunza: ripoti yaweza kuwa ya kweli kila neno na bado ikamdhulumu mtu. Mliowahi kuandika au kuandikwa, uwanja ni wenu. Na anayemwita yule bwana kichaa, alete maelezo kamili.