Kiu ya Gari la Gaudens

Gaudens hawezi kukaa. Tumeishi ukuta kwa ukuta hapa Mbagala tangu alipohamia na mkewe Tekla, na sijawahi kumwona akimaliza kikombe cha chai kwenye kiti kimoja. Anakunywa huku anatembea. Akiongea nawe, mkono unachezea funguo na mguu unagonga chini. Kazini kwake Kurasini, kwenye yadi ya makontena, nasikia wanamsifu kwa hilo, maana karani asiyetulia hapitwi na kitu. Nyumbani ni mateso. Na mwaka huu, gari lake lilipoanza kuchemka, alitutesa mtaa mzima.

Gari lenyewe ni zee. Lilikuwa jeupe, sasa lina rangi ya meno ya mvuta sigara. Watoto wa Gaudens wote waliletwa nyumbani nalo wakiwa wachanga, mgonjwa wa mtaani akizidiwa hukimbizwa nalo, na binti yangu alipoolewa alipelekwa kwa mumewe nalo, limefungwa maua mpaka kwenye vioo. Kwa hiyo ukinisikia nalisema, usidhani nalichukia. Lakini lilianza kunywa maji. Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, Gaudens alifungua boneti akalijazia maji ya bomba, na jioni akirudi yamepungua. Mshale wa joto ukawa unapanda akiwa bado njiani, anaegesha pembeni, anasubiri lipoe, anaendelea.

Ajabu ni kwamba chini palikuwa pakavu. Alitandika boksi lililopasuliwa chini ya injini, asubuhi akalivuta na kulikagua mbele na nyuma. Hakuna hata tone.

"Dada Mwajabu," aliniambia juu ya ukuta, nami nachoma vitumbua vyangu, "maji yanaingia, hayatoki. Yanaenda wapi?"

"Mie na magari tunajuana kwa honi tu," nikamjibu. "Muulize Nurdin."

Nurdin ndiye fundi wake. Si fundi mbaya, ila ana ugonjwa wa mafundi wetu wengi: kwanza anabadilisha, halafu ndiyo anatafuta. Alibadilisha mfuniko wa rejeta. Akabadilisha pampu ya maji. Akang'oa na kile kidude kinachozuia maji mpaka injini ipate moto, akakirusha kwenye debe la vyuma chakavu. "Braza, hiki ni cha kwao Japani kwenye barafu," alisema. "Sie joto tunalo, tunakitakia nini?" Feni akaiunganisha izunguke muda wote. Wakachungulia oili kama imegeuka rangi ya chai ya maziwa, dalili kwamba maji yanavujia ndani ya injini. Oili ilikuwa nyeusi tu, kama oili nyingine. Gari likaendelea kunywa, na Gaudens akaendelea kuzunguka, anafungua boneti, anafunga, anarudi kufungua.

Ningekuwa nacheka tu, kama si habari ya mama yake.

Bi Kordula alikuja kutoka Mbinga baada ya kuteleza kwenye shamba la kahawa na kuvunjika nyonga. Alitibiwa, akapona kwa kiasi chake, sasa anatembea kwa fimbo. Lakini moyo wake haukushuka Dar hata siku moja. Ukikaa naye utasikia kahawa imeiva, nani anaichuma, nani anawafungia mbuzi, paa la jiko linavuja upande gani. Kupanda basi hawezi, kwa sababu mguu ule hautaki kukunjwa muda mrefu. Gaudens alimwahidi kwamba mwezi wa saba atamlaza kiti cha mbele cha gari, mguu umenyooshwa, amwendeshe mwenyewe polepole, walale Iringa, mpaka mlangoni kwake. Yule mama aliishika ahadi ile kwa mikono miwili. Na kabla ya Iringa kuna Kitonga, mlima unaochemsha hata magari mapya. Gari lisipopona, mama haendi. Ndiyo maana Gaudens alikuwa halali.

Kila wiki alimpeleka mama yake kwenye mazoezi ya mguu, kiti hichohicho cha mbele. Alikuwa amemwekea zulia zito la mpira chini ili miguu isipate vumbi. Mwanzoni Bi Kordula alirudi akicheka, anasimulia foleni kama mtu aliyetoka harusini. Halafu siku moja alishuka kimya, akapita moja kwa moja bafuni. Wiki iliyofuata, vilevile. Wiki ya tatu akamwita mwanawe.

"Gaudens, acha kuhangaika na gari. Siendi tena."

"Huendi wapi, mama? Kwenye mazoezi?"

"Siendi mazoezi, siendi Mbinga. Nikifa nizikeni hapahapa kwenye mchanga wenu."

Tangu hapo hakukanyaga gari, hata Jumapili kwenda misani. Na akaacha kunywa. Chai alionja, maji alilowesha midomo tu kwenye kikombe kidogo cha bati, katika joto hili, mpaka midomo ikapasuka. Tekla akimbembeleza anasema hana kiu. Gaudens aliyachukua yote hayo kama hukumu juu ya gari. Alikuja barazani kwangu, akakaa, akasimama, akakaa tena. "Mama haliamini gari langu," alisema, akasimama tena. Nilimhurumia sana siku ile. Mtu mzima, baba wa watoto, anataka kulia kwa sababu mama yake kakataa lifti.

Tekla alikuja kesho yake, nami nachambua mchele. Akavuta ungo wangu akaanza kuchambua na yeye, bila kuniangalia.

"Dada, nina neno. Usimwambie mtu."

"Sema."

"Mama anajikojolea."

Nikaacha kuchambua.

"Kila akipanda gari," akaendelea. "Akirudi, kitenge kimelowa pindo lote, na soksi. Kesho yake anaamka kabla yetu, anakaa kwenye kigoda na mguu ule mbovu, anafua mwenyewe. Anaanika nyuma ya tangi nisione. Ndiyo maana hanywi. Ndiyo maana hataki safari. Anaogopa kumlowanishia mwanawe kiti njia nzima mpaka Mbinga."

"Mficha uchi hazai," nilisema. "Apelekwe kwa daktari."

"Nani amwambie? Mimi mkwewe? Nikafungue mdomo nimwambie mama mkwe nimeona nguo zako? Au nimwambie Gaudens, mama yake mzazi?"

Nikarudi kwenye mchele. Kwetu pwani hakuna mkwe wa kusema neno hilo, na kwao Umatengo, huko Mbinga, naona ni hivyohivyo. Tulichambua mchele ukaisha, tukarudia uliokwisha chambuliwa. Iliniuma kuliko nilivyotegemea. Wala hatukujiuliza, wanawake wazima tuliolea watoto, kwa nini kilowe kitenge pindo na juu kibaki kikavu.

Jumamosi Gaudens akaja na wazo jipya. Alisema anasikia sauti ya maji yakibubujika mahali fulani mbele, lakini akiwa kwenye usukani haisikii vizuri. Basi Nurdin aendeshe, yeye akae kiti cha pili asikilize. Viatu vyake vilikuwa vimejaa oili ya gereji, na Tekla alishamfokea juu ya viti, kwa hiyo alivivua akaingia pekupeku. Wakaondoka kuelekea Kongowe.

Waliporudi nilikuwa uwanjani kwao, nimepeleka vitumbua. Bi Kordula alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, fimbo magotini. Tekla alikuwa anafua. Gari halijasimama vizuri, Gaudens akaruka nje, anarukaruka na mguu mmoja.

"Nimelowa!" alipiga kelele. "Nurdin, zima, zima! Nimelowa mguu!"

Akalivuta lile zulia la mpira akalitupa kule. Akang'oa na kapeti la chini, lina sponji nene, akalikamua kwenye beseni la Tekla bila hata kumwomba. Maji yakatiririka, ya vuguvugu, yana rangi hafifu ya kutu. Akakamua tena. Beseni likawa linajaa. Nurdin alijilaza chali sakafuni mwa gari, akamulika kwa simu chini ya dashibodi, na tukamsikia akicheka huko ndani.

"Braza, hita! Ni hita!"

"Hita gani?"

"Humu ndani kuna rejeta nyingine, ndogo, ya kupashia watu joto. Maji ya injini yanapita humo muda wote, uwashe usiwashe. Imetoboka. Injini ikipata moto inamwaga huku chini, zulia linayaficha. Sie tunatafuta nje kumbe yako ndani! Hata huu ukungu kwenye kioo cha mbele ni mvuke wake. Ila Dar hii, nani anakumbuka kama gari lina hita?"

Mimi nilikuwa simwangalii Nurdin. Nilimwangalia Tekla. Alikuwa amesimama na sabuni mkononi, macho kwenye miguu ya mumewe. Suruali ya Gaudens ilikuwa imelowa pindo la chini tu, juu kavu kabisa. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mwanamume huyu alikagua kila kipande cha gari lile isipokuwa kiti cha mama yake.

Yeye mwenyewe hakujua lolote. Alikuwa na furaha ya kitoto.

"Mama!" aliita. "Mama, njoo uone! Wiki zote hizi ulikuwa unakanyaga maji ya gari! Hukuyasikia?"

Bi Kordula aliinuka kwa fimbo yake. Tekla akakimbilia kumshika mkono, mama mkwe akautoa taratibu. Akaja peke yake mpaka kwenye beseni, akainama kwa shida, akatumbukiza vidole. Akavinusa.

"Haya ni ya gari?"

"Ya gari, mama."

"Yote?"

"Yote. Mimi mwenyewe nimelowa. Ona."

Akautazama mguu wa mwanawe, akalitazama lile pindo linalochuruzika, kwa muda mrefu. Nurdin alichomoa kichwa akadhani kakosea kitu.

"Shikamoo bibi," alisema kwa wasiwasi. "Usijali. Naikata mipira yake, naiunganisha yenyewe kwa yenyewe, hita tunaiua. Mbona watu wanafanyaga hivyo tu."

"Marahaba. Usikate," alisema Bi Kordula.

"Lakini bibi, hapa Dar hita ya nini?"

"Nani kakwambia gari linabaki Dar? Wewe unaijua Mbinga mwezi wa saba? Unaijua baridi ya Njombe alfajiri? Tafuta nyingine uweke. Nataka miguu yangu iwe na joto, lakini iwe mikavu."

Gaudens alisimama na kapeti mikononi, maji yanamdondokea.

"Kwa hiyo tunaenda, mama?"

Mama yake alikuwa ameshageuka, anarudi kwenye kiti chake. Alikaa, akanyoosha mguu, akaegemeza fimbo ukutani.

"Tekla, mwanangu," alisema, "nipe maji ya kunywa."

Tekla akaingia ndani mbio, akatoka na kile kikombe kidogo cha bati. Bi Kordula akakitazama, akamrudishia.

"Lete jagi."

Lililetwa jagi la plastiki, limejaa. Alilishika kwa mikono miwili akainua, tukawa tunaona koo lake likipanda na kushuka, maji mengine yanamtiririkia kidevuni mpaka kifuani, na wala hakuyajali. Tekla aligeukia ukuta, mabega yanatikisika. Gaudens akamwangalia mkewe, akaniangalia mimi.

"Analia nini sasa? Si tumeupata ugonjwa wa gari?"

"Sabuni imemwingia machoni," nikamwambia.

Bi Kordula alishusha jagi, akafuta mdomo kwa kiganja, akalinyoosha mbele.

"Ongeza," alisema.