Faili Lililojisoma Upya

Kabla ya kuajiriwa bwawani alikuwa amefundisha hesabu sekondari kwa miaka kumi na mmoja, na jina la Mwalimu lilimganda hata baada ya kuacha chaki. Walinzi wa geti walimwita hivyo, wapishi wa kantini walimwita hivyo, na hata mumewe, fundi cherehani mwenye maneno machache, akiulizwa mkewe yuko wapi alijibu kwamba Mwalimu kaenda kwenye maji yake.

Kazi aliyopewa ilikuwa kupokea vipimo vya mito mitatu inayoingia bwawani na kuviandika daftarini. Haikumtosha. Alipofika miaka arobaini na moja alianza kujifunza kuandika programu za kompyuta, kwa kitabu cha kuazima, saa za mchana wenzake wakiwa wamekwenda kula. Walimtania kwamba uzee umemjia na ujana mkononi. Baada ya miaka mitatu utani ulikwisha wenyewe, maana hesabu iliyowachukua siku mbili sasa aliipata ndani ya dakika moja: mito ikija na kiasi hiki cha maji, na mvua ikinyesha hivi, bwawa litapanda mpaka wapi, na saa ngapi.

Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa hivi. Kwenye kompyuta alifungua dirisha jeusi, akaandika swali mstari mmoja, na mashine ikamjibu papo hapo, kama watu wawili wanaozungumza. Mazungumzo hayo aliyaacha wazi siku nzima, wakati mwingine wiki nzima, kwa sababu ndani yake alikuwa amekwisha kupakia vipimo vya miaka kumi na miwili, na kuvipakia upya kulikula dakika arobaini. Kanuni zenyewe za hesabu zilikaa pembeni, kwenye faili. Dirisha lililisoma faili lile mara moja tu, asubuhi, na baada ya hapo likafanya kazi kwa kumbukumbu.

Hapo ndipo alipoumbuka siku moja. Alikuwa amesahihisha kosa kwenye faili, akasahau kuliambia dirisha lisome upya, akaenda mkutanoni na majibu ya kanuni ya zamani. Mhandisi mgeni akamkosoa mbele ya watu. Mwalimu alirudi ofisini uso umemshuka, na jioni hiyo hiyo akaandika agizo jipya: kila atakapouliza swali au kipimo kipya kitakapoingia, dirisha litazame kwanza kama faili limebadilika, na likiwa limebadilika lijisomee lenyewe, bila kusubiri kuambiwa. Mambo yakamnyookea. Alisahihisha, akahifadhi, akauliza, akajibiwa kwa kanuni mpya. Alifurahi nalo kama mtu aliyepata msaidizi asiyesahau.

Lakini faili lilikuwa la ofisi nzima. Fundi wa vipimo, kijana mchapakazi aliyekuwa na chumba chake mwisho wa ukumbi, naye alikuwa na ruhusa ya kulifungua na kuliandika. Hilo Mwalimu alilijua. Hakulifikiria tu.

Mwaka huo mvua ilinyesha siku nne bila kupumzika. Ukuta wa bwawa lile ulikuwa wa udongo ulioshindiliwa, na kila aliyefanya kazi pale alijua kwamba maji yakipita juu ya ukuta wa udongo huula, na yakianza kuula hayaachi. Kwenye mnara wa zege palikuwa na mstari mwekundu. Maji yakitarajiwa kuuvuka, ilibidi malango yafunguliwe mapema, na kabla ya kuyafungua king'ora kilie kwa muda wa saa mbili kamili, ili walio bondeni waondoke.

Bondeni kulikuwa na wafyatua matofali na familia zao, na kulikuwa na shule ya chekechea ya watoto arobaini. Mwenye shule alikuwa dada yake Mwalimu, mkubwa wake kwa miaka sita, aliyemlea baada ya mama yao kufariki.

Siku ya nne, saa tatu asubuhi, dirisha lilisema kwamba kufikia jioni maji yatauvuka mstari kwa shubiri moja. Mkuu wa bwawa, mzee aliyebakiza miezi michache astaafu, alisoma jibu lile akakuna kidevu. Mwaka uliotangulia alipiga king'ora, watu wakabeba magodoro mpaka mlimani, na maji hayakuja. Alitukanwa sokoni, na makao makuu wakamwandikia barua kali. Alisema atasubiri jibu la saa nne na nusu, na saa tano juu ya alama atakata kauli. Baada ya saa tano ingekuwa kuchelewa.

Saa nne na nusu Mwalimu aliuliza. Jibu likaja: maji yataishia sentimita sitini chini ya mstari.

Mkuu alishusha pumzi mpaka miwani ikaingia ukungu. Aliketi, akanyoosha miguu, akamwambia Mwalimu ampigie dada yake simu amtoe wasiwasi, maana mama wa watu alikuwa amepiga mara mbili tangu asubuhi kuuliza awatoe watoto ama awaache. Mwalimu akachukua simu. Ilipokuwa ikiita, macho yake yalikuwa bado kwenye dirisha jeusi. Nje mvua ilikuwa vile vile; kama ilikuwa imebadilika, ilikuwa imezidi.

“Haya, mdogo wangu, niambie,” dada akasema. Nyuma yake watoto walikuwa wakiimba kuhesabu.

Mwalimu alifungua kinywa kusema wabaki. Neno halikutoka. Hakuwa na sababu anayoweza kuitaja. Ila maji ya mito mitatu hayapungui kwa saa moja na nusu wakati mbingu imefunguka, na yeye hakuwa amegusa chochote.

“Dada, nisubiri kidogo. Usikate.”

Akaiweka simu mezani, akamwambia Mkuu anaomba dakika kumi. Mkuu alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne na dakika thelathini na sita. Akauliza kuna nini. Mwalimu akajibu kwamba hajui bado, na Mkuu akasimama tena.

Aliliamuru dirisha limwonyeshe kanuni inayotumia, mstari kwa mstari, kama ilivyo katika kumbukumbu yake wakati ule. Alisoma kwa kidole. Kwenye kanuni ya mto mkubwa alikuta mstari ambao hakuuandika yeye: kipimo kigawanywe kwa mia.

Alitazama muda wa faili. Lilikuwa limehifadhiwa saa nne na dakika tano. Akakimbia mpaka chumba cha mwisho wa ukumbi. Kompyuta ya fundi ilikuwa inawaka, faili liko wazi, kiti kitupu. Mlinzi alimwambia kwamba fundi ameitwa mnarani, ngazi ya chuma imeng'oka upande mmoja na mtu amekwama juu. Mlinzi alimpigia fundi simu. Iliita juu ya meza, kando ya kikombe.

Sasa alikuwa na swali moja na hakuna wa kumuuliza. Wiki ile fundi alikuwa amefunga kipimo kipya kwenye mto mkubwa. Ikiwa kipimo kile kinatuma sentimita, kugawanya kwa mia ni sawa kabisa, na hesabu ya asubuhi ndiyo ilikuwa na kosa. Ikiwa bado kinatuma mita, mto mkubwa umefutwa karibu wote kwenye hesabu. Katika hali ya kwanza king'ora kingekuwa aibu ya pili kwa Mzee. Katika hali ya pili kukaa kimya kungekuwa msiba.

Alirudi mbio, akaliamuru dirisha limwonyeshe kipimo kibichi cha saa nne na nusu, kabla hakijapitishwa kwenye kanuni. Nne nukta tatu saba.

Alisoma kwa sauti, na Mkuu, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti chake, akainama kutazama. Kama zile ni sentimita, mto uliokuwa ukizoa miti tangu jana ulikuwa na kina ambacho kuku angevuka bila kulowesha tumbo. Zilikuwa mita.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kuzima lile agizo la kujisomea, asije mtu mwingine akahifadhi kitu kingine katikati ya kazi yake. Akafungua faili, akaufuta mstari, akahifadhi, akaliambia dirisha kwa mkono wake lisome upya. Akauliza. Saa ilikuwa nne na dakika arobaini na tisa.

Sentimita sitini chini ya mstari. Jibu lile lile.

Mkuu aliuliza kwa upole, upole uliomchoma kuliko ukali, kama labda mvua imepungua huko juu kweli. Kwenye simu alisikia sauti ya dada yake, ndogo na ya mbali, ikimwita. Hakuitikia. Alijilazimisha kufikiri polepole, kama alivyokuwa akiwaambia wanafunzi wake: umesahihisha nini, na nini hukusahihisha? Alikuwa amesahihisha kanuni. Lakini vipimo vya saa nne na dakika kumi na vya saa nne na nusu vilikuwa vimekwisha kupita kwenye kanuni mbovu, vikahifadhiwa vikiwa vimeharibika. Kusoma faili upya kulibadilisha namna ya kupika, hakukubadilisha chakula kilichokwisha kupikwa. Dirisha lilikuwa bado linaona mto uliokauka ghafla, na kwa mto uliokauka lilikuwa linajibu vizuri tu.

Alivitupa vile viwili, akavipitisha upya kutoka kwenye vipimo vibichi. Alikosea mara mbili kuandika. Huku mashine ikihesabu alichukua penseli, akaufanya mto mkubwa peke yake kwenye karatasi, hesabu ya haraka ya kukadiria. Karatasi na dirisha vilikubaliana. Maji yangeuvuka mstari kwa shubiri mbili, na mapema kuliko ilivyosemwa asubuhi.

Ilikuwa saa nne na dakika hamsini na saba.

“Mwalimu, una hakika?” Mkuu akauliza. “Nusu saa haijapita tangu uniambie tumepona.”

“Nilikuambia kilichoandikwa. Sasa nakuambia nilichokihesabu. Piga king'ora, Mzee.”

Mkuu akaenda ukutani, akavuta mkono wa king'ora mpaka chini. Mwalimu aliinua simu.

“Dada, watoe watoto.”

“Nimesikia,” dada akasema, na simu ikakatika.

Malango yalifunguliwa saa saba. Maji bwawani yalipanda mpaka vidole vinne chini ya mstari, yakakaa hapo usiku kucha yakawatia watu wote roho juu, asubuhi yakaanza kushuka. Bondeni hakufa mtu. Chekechea ilijaa matope mpaka kwenye madirisha, na matanuri ya matofali yakayeyuka kama sukari. Mfyatuaji mmoja alikuja getini akasimama siku mbili, akitaka kumwona huyo mama aliyesema malango yafunguliwe. Mwalimu alitoka, akamsikiliza mpaka mwisho bila kujitetea. Alipomaliza hasira zake alimuuliza watoto wake ni wangapi, na yule bwana akajibu kwamba ni watano, wote wako mlimani kwa shemeji yake. Wakaachana hivyo.

Fundi alikuja siku ile ile ya king'ora, amelowa chapachapa, mikono imechubuliwa na chuma. Alipoelezwa alikaa sakafuni. Nia yake ilikuwa kubadilisha vitu viwili kwa pamoja, kanuni kwenye faili na mpangilio wa kipimo mtoni kitume sentimita. Alimaliza cha kwanza, akahifadhi kwa mazoea, ndipo akaitwa mnarani. Hakujua kwamba kuhifadhi kwake tu kungefika moja kwa moja kwenye hesabu ya Mwalimu. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Wiki tatu baadaye wakaitwa mbele ya kamati ya watu watano. Fundi alikiri kosa lake kabla hajaulizwa. Mwalimu akaomba kusema, akaeleza kwamba kijana alihifadhi kazi yake kama kila mtu anavyohifadhi. Aliyeacha mlango wazi kati ya faili la watu wote na uamuzi wa malango ni yeye, na aliuacha kwa sababu aliwahi kuaibika mkutanoni na hakutaka kuaibika tena. Mkuu alijaribu kumkatiza amsaidie. Mwalimu aliendelea.

Mwanamke mmoja wa kamati, mhandisi mwenye nywele nyeupe, alifunga daftari lake akamuuliza swali moja tu.

“Kama usingekuwa umemshika dada yako kwenye simu wakati ule, ungeangalia tena?”

Mwalimu angeweza kusema ndiyo, na wote mle chumbani wangetaka kumwamini.

“Nadhani ningeenda kunywa chai,” akasema.

Walipewa barua ya onyo, yeye na fundi, kila mmoja na yake. Mumewe aliisoma barua jioni, akaikunja ilivyokuwa, akamuuliza kama kesho anakwenda kazini. Alikwenda. Alimkuta fundi mlangoni pake ameshika karatasi, ameandika kwa mkono mstari anaotaka kuubadilisha kwenye faili, na sababu yake. Mwalimu alivuta kiti cha pili, wakausoma pamoja neno kwa neno, wakaupitisha kwenye vipimo vya jana, na majibu yalipokuwa sawa akaliamuru dirisha lisome.