Sindano ya Pili Kabla ya Meli

Niliondoka Arusha kwa sababu watalii waliacha kuja, na mwokaji mikate asiye na walaji ni mtu wa kukaa tu. Hoteli niliyofanyia kazi pale Themi ilifunga jiko korona ilipoanza. Ilipofungua tena, ilifungua nusu na kuita nusu ya watu, na mimi nilikuwa nusu ile nyingine. Nikabaki chumbani kwangu Sekei nikikaanga maandazi ya majirani, mpaka siku wakala mmoja wa ajira aliponipigia simu. Kuna meli ya kitalii inatafuta waokaji, akasema, inapita Mombasa, mkataba ni wa miezi sita. Nilikubali kabla hajamaliza. Bahari nilikuwa sijaiona, lakini unga ni unga popote, na mikono yangu naijua.

Akanisomea masharti: pasipoti, kadi ya homa ya manjano, kipimo cha korona, na chanjo kamili. Hapo kwenye chanjo alirudia mara mbili. "Dada Naishiye, kule watu wanakula ukumbi mmoja na kulala ukuta kwa ukuta. Ugonjwa ukipanda melini hauna kituo cha kushukia. Bila chanjo kamili hupandi." Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Kesho yake nilikwenda kituo cha afya Daraja Mbili, nikachomwa, nikapewa kadi, nikaiweka ndani ya pasipoti.

Jumapili, Ngaramtoni. Mwezi ulikuwa umepita na safari imekaribia, nikapanda nyumbani kuaga. Kwetu ni juu ya soko, upande wa magharibi wa Mlima Meru, mahali ambapo mtu ana migomba, mahindi na zizi, na akikosa kimoja anaonewa huruma. Baba alikuwa amewatoa ng'ombe, amesimama langoni na fimbo yake. Sisi Waarusha mtoto hampi mzazi mkono. Unainamisha kichwa, naye anaweka kiganja juu yake, ndiyo salamu. Nikainamisha, nikasema shikamoo, kiganja kikatua, kizito na kikavu.

Sasa, Baba ni mtu wa chanjo kuliko daktari. Hakuna ndama wake asiyechanjwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe unaomaliza mazizi ya wenzake. Kila aliyechanjwa ana hereni ya plastiki sikioni, na Baba hupita na wageni akiwaonyesha zile hereni moja moja. Lakini yeye mwenyewe chanjo ya korona aliikataa katakata. Na kifua chake hakikuwa kizima. Masika yaliyopita alilazwa wiki tatu kwa nimonia, mimi ndiye niliyempelekea uji, nikamsikia akivuta pumzi kwa kutafuta. Sijasahau ule mlio.

"Baba, ng'ombe wote umewachanja. Bado wewe."

"Ng'ombe hawezi kusema anaumwa wapi," akanijibu. "Mimi nina mdomo. Nikiumwa nitasema."

"Nitakaa na watu wa dunia nzima miezi sita. Nikirudi, mimi ndiye nitakayekuletea."

"Basi nitakufa nimeletewa zawadi."

Hasira zikanipanda, na mimi zikipanda huwa siongei kwa sauti, naongea polepole. Nikamwambia kwamba siku nikirudi nitasimama palepale langoni, na kama hajachanjwa sitaingia. Nitageuza nirudi Sekei, na tutakuwa tunazungumza kwa simu kama watu waliogombania shamba. Akacheka. "Utaingia tu. Utasikia harufu ya loshoro, utaingia." Loshoro ni mahindi na maziwa ya mgando, na ni kweli ni udhaifu wangu. Niliteremka kwenda sokoni nikijua kwamba nimejifungia mlango mwenyewe.

Alhamisi, Holili. Basi la Mombasa lilitushusha mpakani saa nne asubuhi. Nilikuwa nimevaa viatu vipya, nimesuka nywele, nimejaa majivuno. Mama mmoja wa afya aliyekuwa dirishani akaifungua kadi yangu, akaitazama, akanitazama.

"Ya pili iko wapi?"

"Ya pili ipi?"

"Hii ni ya sindano mbili. Umechoma moja. Tarehe ya kurudi hii hapa, imepita."

Msomaji, usicheke mapema. Chanjo niliyoijua mimi tangu utoto ni ile ya ndigana. Ng'ombe huchomwa mara moja, huvishwa hereni, imekwisha, mpaka kufa kwake. Mtaalamu wa mifugo hurudi baada ya siku kadhaa, lakini hurudi kutazama tu kama mnyama amepata homa. Kwa hiyo tarehe niliyoandikiwa Daraja Mbili nilidhani ni ya kutazamwa. Mkono wangu haukuvimba, nikaona ya nini kumsumbua muuguzi. Yule muuguzi alinieleza vizuri, mimi ndiye niliyemsikiliza kwa masikio ya zizini.

"Kipimo chako kizuri, kuvuka unaweza," mama wa afya akasema. "Ila hiyo meli haitakupokea, nakwambia ukweli." Nikampigia wakala palepale. Akapekua ratiba, akasema meli itazunguka visiwa na kupita tena Mombasa baada ya wiki sita. Nikiwa nimekamilisha, na siku kumi na nne zimepita, nafasi yangu ipo. Nikashusha begi langu kwenye basi. Kondakta akaniuliza kama nimesahau kitu nyumbani. Nikamwambia ndiyo.

Habari za aibu hazipandi basi, hufika kabla yako. Nilipochoma sindano ya pili na kupanda Ngaramtoni, Baba alikuwa anajua tayari. Alicheka mpaka akakohoa. "Kwa hiyo walikurudisha kutoka mnadani kwa kukosa hereni," akasema. Nilimwacha acheke. Nilikuwa nasikiliza kile kikohozi.

Wiki sita baadaye, Mombasa. Safari hii nilipita Holili kifua mbele. Bandarini nilipoiona meli nilitafuta mwisho wake nikauona mbali, nikasema moyoni, hili ni ghorofa limeamua kusafiri. Hatukuingia moja kwa moja. Kadi ilikaguliwa na watu watatu, pua zikapimwa, kisha tukakaa siku tano kila mtu chumbani mwake, chakula kikiachwa mlangoni. Wengine walinung'unika. Mimi niliona jambo la kawaida kabisa, maana Baba akinunua ng'ombe mnadani hamchanganyi na wenzake, humweka kibanda cha pembeni wiki mbili nzima. Hawa wenye meli walikuwa na haraka kuliko Baba.

Jikoni. Chumba nilipewa pamoja na Wakesho, Mtaita wa Voi, mhudumu wa ukumbi wa chakula, mwanamke mwenye ulimi mwepesi na moyo mwema. Kazi ilinikaa. Saa kumi na moja asubuhi nilikuwa nimeshasimama mbele ya tanuri, barakoa usoni, nikikanda unga wa watu ambao sitawaona. Kabla ya mwezi kwisha mkuu wa jiko alikuwa akiniletea wageni wa kazi niwafundishe kusuka mkate wa mayai. Nasema hili bila haya, nilikuwa mzuri.

Mwezi wa nne wa mkataba, tukiwa katikati ya visiwa, abiria wakaanza kuugua. Kwanza mzee mmoja wa ghorofa ya saba na mkewe, kisha meza yao nzima. Wote walikuwa wamechanjwa, vinginevyo wasingepanda, na wengi wao waliumwa kidogo tu. Lakini yule mzee alikuwa na kifua kibovu. Siku walipompitisha korido yetu kumpeleka kwa daktari wa meli nilisikia pumzi zake. Ulikuwa mlio uleule wa wodini, wa Baba. Kisiwa tulichokuwa tunakwenda kikakataa kutupokea. Tulikiona, minazi na mapaa mekundu, tukazunguka tukaondoka.

Asubuhi moja nikafungua ndoo ya hamira, sikusikia kitu. Nikaingiza uso ndani. Hamira ni kitu ambacho hata nikiwa usingizini nakisikia, na pale hapakuwa na harufu yoyote. Nikarudi chumbani, nikamwambia Wakesho.

"Nyamaza," akasema. "Homa huna. Kohoo huna. Ukisema, tunafungiwa sote wawili, na mkataba wenyewe ndio huu. Kunywa tangawizi, kesho utapona."

Sitajifanya shujaa. Nilikaa kitandani nikalipima lile neno, na lilikuwa tamu. Mdomo wangu ulitaka kabisa kunyamaza. Kisha nikawaza mikate, mamia ya mikono itakayoishika, na Wakesho akiwabebea wazee sahani mezani. Kwetu mchungaji anayeficha ng'ombe anayekohoa hasemeshwi. Hapigwi, hafukuzwi, hasemeshwi tu, na watu huhamisha mifugo yao njia nyingine. Nikavaa barakoa nikaenda kwa daktari.

Tulifungiwa siku kumi, kila mmoja chumba chake. Mimi nilikuwa nayo, na Wakesho pia alikuwa nayo, asiyeumwa hata kucha. Siku mbili alinipigia simu ya chumba kwa chumba kunitukana kistaarabu. Ya tatu akapiga akasema, "Naishiye, siku moja kabla hatujafungiwa nilimlisha mama wa watu kwa kijiko, mkono wake umevunjika." Akalia, nami nikalia upande wangu. Daktari aliniambia ugonjwa ulinipitia juujuu kwa sababu mwili ulikuwa umeshafundishwa, na kwamba yule mzee pia atapona. Nilishukuru kwa sauti.

Kutoka kile chumba nilimpigia Baba. Nikamweleza yote, hata tangawizi.

"Ulijitoa mwenyewe?" akauliza.

"Nilijitoa. Lakini Baba, ulisema una mdomo, ukiumwa utasema. Mimi nina mdomo pia, nao ulitaka kunyamaza. Pua ndiyo iliyosema. Na mwenzangu hakuwa na la kusema kabisa, naye alikuwa nayo."

Nikasikia ng'ombe mmoja upande wa pili. Kisha akasema salio langu litakwisha, akakata.

Miezi miwili iliyobaki hakutaja jambo hilo, nami sikuuliza. Kazi yangu haikupotea. Mkuu wa jiko alinirudishia tanuri langu na neno la kunitaka mwaka unaofuata.

Kurudi. Mombasa, Voi, Taveta, Holili. Yule mama wa afya hakunikumbuka, nikamkumbusha, akacheka akapiga muhuri. Kuanzia Moshi nilikaa dirishani nikiutafuta Meru, na ulipojitokeza nikavuta begi mapajani. Nilikuwa nimeapa mbele ya mtu asiyesahau, na nilikuwa namjua. Kama hajachanjwa nitageuza. Niliyasikia yale mapafu mara mbili, wodini na melini, sikuwa tayari kuyasikia mara ya tatu kwa kosa langu.

Ngaramtoni, saa kumi jioni. Alikuwa langoni. Nikasimama hatua kama sita, begi likiwa bado begani. Nikataka kuinamisha kichwa kwa mazoea, naye akailaza fimbo yake kukata njia.

"Kipimo," akasema.

Sikuamini masikio yangu. "Kadi kwanza, Baba."

"Wewe ndiye unayetoka nje. Anayetoka nje ndiye anayeanza."

Nikaiweka karatasi ya kipimo juu ya nguzo ya lango, nikarudi nyuma. Akaisoma taratibu. Kisha akaingiza mkono kwenye koti, akatoa ule mfuko wa plastiki anaowekea vyeti vya ng'ombe. Akavipekua kimoja kimoja, cha Sambu, cha yule mweusi, cha ndama wake, akafika kwenye kadi ya njano mpya. Akaiweka juu ya nguzo naye akarudi nyuma. Sindano ya kwanza ilikuwa ya wiki ileile niliyompigia simu kutoka melini. Mstari wa pili nao ulikuwa umejazwa.

"Muuguzi alitaka kunieleza habari za kurudi," Baba akasema. "Nikamwambia asijichoshe, nina binti aliyerudishwa Holili."

Nilicheka huku machozi yananitoka, sikuyafuta. Nikafikiri sasa nitaingia. Fimbo haikusogea. Akaielekeza kule pembeni, kwenye kibanda cha ng'ombe wageni. Kilikuwa kimefagiwa, kina kitanda, blanketi na ndoo ya maji.

"Kipimo ni cha juzi, na leo umeshinda kwenye basi," akasema. "Siku saba. Wiki mbili ni za ng'ombe, wewe nimekupunguzia."

Nikalala kibandani siku saba. Loshoro iliwekwa juu ya jiwe asubuhi na jioni, na niliisikia harufu yake kabla haijafika. Mchana alileta kigoda, akakaa mbali akiniuliza habari za meli. Nilimweleza nilichojifunza, kwamba kule baharini sikukuta hekima ngeni. Mgeni hutengwa, mgonjwa hujitaja, sindano humalizwa. Nilikuwa nimezaliwa ndani ya sheria hizo, ila hatukuwahi kuzitumia kwa watu. Akatikisa kichwa akasema ndiyo, watu ni wabishi kuliko ng'ombe.

Siku ya nane asubuhi alikuja mpaka mlangoni pa kibanda. Nikatoka, nikainamisha kichwa. Kiganja kikatua, kizito na kikavu, na hakikuondoka upesi.

"Ile ya pili ilinipa homa siku mbili," akasema juu ya kichwa changu. "Hukuniambia."

"Ningekuambia usingekwenda."

"Nisingekwenda," akakubali, akanikabidhi ndoo ya kukamulia.