Nzi wa Baba

Mdogo wangu wa kiume anafanya kazi ambayo mama yetu mpaka leo hajaipatia jina. Watu wakimuuliza kijana wake anafanya nini siku hizi, hujibu, "Yupo chumbani na kompyuta," kwa sauti ile ile ambayo angesema yupo kitandani na homa. Mwenyewe hujiita mbunifu wa kujitegemea. Hutengeneza kadi za harusi, lebo za maji ya chupa, vipeperushi vya zahanati, na zaidi ya yote mabango ya turubai yanayochapishwa kwa mashine na kutundikwa mbele ya maduka. Hana bosi. Kwa hiyo kila mteja ni bosi, na kila bosi hutuma ujumbe wa sauti.

Chumba chake zamani kilikuwa stoo ya baba. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa mwandishi wa mabango kwa brashi, na tumemzika mwaka huu. Makopo yake ya rangi tumeyatoa, meza mbili na skrini zimeingia, lakini siku ya joto harufu ya rangi na thina bado hutoka ukutani. Nikimaliza sala ya asubuhi humpelekea chai na kumkuta ameshaanza kubishana na simu.

"Nyekundu hii naipenda sana," mteja anasema, "ila ifanye bluu."

"Nimekuelewa, mama."

"Na hayo maandishi yawe makubwa yote, lakini pabaki nafasi."

"Nitajitahidi, mama."

Akikata simu hufumba macho kidogo kama mtu anayemeza dawa chungu, halafu anaifanya bluu. Ndivyo siku inavyokwenda mpaka jua lipunguze makali. Hapo huchukua kamera, huvaa kofia ya baba, na kutoka. Mtaani wanamwita Kamera tu, hata watoto.

Ana blogu yake ya picha. Zamani niliipenda kwa sababu ilijaa watu: fundi viatu mwenye misumari mdomoni, akina mama wanaocheka bombani, bibi harusi aliyepitiwa na usingizi kwenye kiti chake. Lakini tangu tumzike baba, hapakuwa na sura ya mtu tena. Palikuwa na doa jeusi juu ya nyeupe. Kesho yake doa la kijani juu ya njano. Halafu jingine, limejikunja kama koma. Hakuna maelezo. Wasomaji wake wakawa wanakisia: mmoja alisema ni punje ya papai, mwingine kope, mwingine mwezi mchanga. Mimi sikukisia. Niliogopa kwamba msiba umemgusa kichwa, nikamwombea kimya kimya. Na kwa kuwa kuomba hakunizuii kuchungulia, siku moja nikajitia naenda kununua sabuni, nikamfuata.

Alikwenda mpaka kwa daktari wa meno, akasimama juu ya ngazi ya mlango, akaelekeza kamera kwenye bango. Daktari mwenyewe akatoka.

"Kamera! Jino gani leo?"

"Meno mazima, mkuu. Nataka hicho kidude hapo juu, kwenye KUNG'OA."

"Kidude gani?"

"Hiyo ritifaa, baada ya G."

Daktari akainua macho, akaitazama kama ndiyo kwanza anaiona. "Hiyo sijui kuing'oa. Piga picha uende, unaniogopeshea wagonjwa."

Nilicheka, nikajifichua.

"Dada! Unanifuata?"

"Nanunua sabuni."

"Kwa daktari wa meno?" Akashuka, akafuta lenzi kwa shati. "Haya, umenikamata. Natafuta nzi wa baba."

Nikaelewa palepale.

Sote tulifundishwa shuleni kwamba alama ile ndogo huitwa ritifaa, na kwamba katika neno ng'ombe hukaa baada ya G. Baba alikuwa akiiweka baada ya N. Aliandika n'gombe, n'goa, n'garisha, katika kila bango, maisha yake yote. Mdogo wangu alipokuwa darasa la tatu alirudi nyumbani na daftari, akamwonyesha baba kosa lake mbele ya wageni. Baba akalitazama daftari, akamtazama na yeye.

"Kwani hiyo alama ni nini?" akauliza. "Si nzi tu aliyetua juu ya ng'ombe? Nzi ana kiti chake?"

Wageni walicheka mpaka chai ikamwagika. Tangu siku hiyo ritifaa nyumbani kwetu inaitwa nzi, na bango lenye nzi pasipo pake tulijua ni la baba. Hakuwahi kutia sahihi. Nzi ndiye aliyekuwa sahihi yake.

"Umepata wangapi?" nikamuuliza.

"Hakuna, dada. Mji mzima nzi wamekaa sawa." Alitazama chini. "Na unajua ni nani aliyeyatoa mabango ya baba? Ni mimi. Duka baada ya duka, kwa turubai zangu. Tena nilikuwa namwonyesha kwanza, na yeye ananisifu."

Tulirudi nyumbani, sabuni nikaisahau.

Siku chache baadaye alipigiwa simu na mwenye bucha lililo nyuma ya stendi ya malori, anataka bango jipya. Nilikwenda naye, safari hii bila kujificha. Tulipokunja kona, mdogo wangu alisimama ghafla mpaka nikamgonga mgongoni. Juu ya dirisha la bucha palikuwa na ubao wa zamani, umefifia, umekula moshi na mafuta, lakini unasomeka: NYAMA YA N'GOMBE.

"Mnashangaa kosa, eh?" alisema mwenye bucha, mzee mwenye tumbo na aproni. "Hata mjukuu wangu ananicheka. Nitengenezee jipya, kijana wangu, lenye kung'aa. Na safari hii hiyo alama ikae mahali pake. Aliyeandika hili hakwenda shule."

"Alikwenda, mzee," nikasema. "Ni baba yetu. Tumemzika mwaka huu."

Mzee akaweka kisu chini. "Poleni sana, wanangu. Sikujua." Akafuta mikono kwenye aproni muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Mwandiko wake mzuri, sikatai. Lakini ng'ombe ni ng'ombe, jamani. Jumamosi nalishusha hilo, litaziba banda la kuku."

Mdogo wangu aliomba kiti, akapanda, akapiga picha herufi moja moja, ameusogelea ubao kama anaunusa.

Siku mbili hakufanya kazi. Turubai ilibaki tupu kwenye skrini, wateja wakajisemea peke yao kwenye simu.

"Nimeagizwa nimsahihishe baba," aliniambia. "Kwa mkono wangu mwenyewe. Nikiliacha kosa, mzee hatalipokea. Nikilirekebisha, baba hayupo tena popote."

Nilimwambia asali. Akasema amesali. Nikamwambia basi afanye kazi, maana wakati mwingine jibu humkuta mtu akiwa na shughuli. Akarudi kwenye picha zake, akaanza kuzikuza. Nilikuwa nakunja nguo uani nilipomsikia.

"Dada! Njoo! Mwite na mama!"

Nzi alikuwa amejaza skrini nzima, mweusi, mkubwa kama sahani. Na ndani ya rangi ile kavu kulikuwa na mistari myembamba imezungukana, mmoja ndani ya mwingine.

"Hiki ni kidole," alisema mdogo wangu.

Mama alivaa miwani, akainama. "Sasa mnashangaa nini? Si kidole chake cha mwisho? Alikuwa akimaliza bango anakichovya, anakigusisha, basi. Mlidhani alikuwa anafutia wapi? Mashati yake nilifua mimi."

"Mama! Mbona hukutuambia miaka yote hii?"

"Mliniuliza? Ninyi si mlikuwa mnacheka nzi?"

Halafu akasogea karibu zaidi. Akanyoosha mkono, akagusa skrini. Mdogo wangu haruhusu mtu aguse skrini yake, hata mimi nikiwa na kitambaa cha kufutia. Safari hii alisogeza kiti nyuma ili mama apate nafasi.

Kisha nikamsikia mdogo wangu anacheka taratibu puani, kama baba.

"Nzi ana kiti chake?" alisema.

Alizichora upya herufi za baba kutoka kwenye picha, moja moja, na mikia yake. Akamchukua nzi kama alivyo, na mistari yake yote, akamhamisha kutoka nyuma ya N akamweka nyuma ya G. Basi.

Jumamosi bango jipya lilipanda. Mwenye bucha alirudi nyuma mpaka katikati ya barabara, mikono kiunoni, lori likampigia honi.

"Safi! Sasa imekaa sawa. Ila pale juu pamechafuka, kijana. Mashine imevuja wino?"

"Hapana, mzee. Ndiyo alama yenyewe."

"Mbona ina mistari?"

"Huyo ni nzi," nikasema mimi, nikiwa nimekumbatia ubao wa baba, ambao kuku waliukosa kwa kuwa tulimpa mzee bati zima badala yake.

"Nzi?" Mzee alipaza sauti mpaka wateja wakageuka. "Nani kasema? Bucha langu halina nzi!"

Kidole juu, mashavu yametuna, kofia imekaa upande: ndivyo mzee alivyo kwenye blogu ya mdogo wangu, sura ya kwanza ya mtu tangu msiba, na bango liko nyuma yake. Mama aliniomba nimfungulie picha hiyo kwenye simu, akamtazama mzee wa watu kwa makini, akauliza huyu naye nani.