Mke wa Fundi na Koti la Dukani

Mke wa fundi hanunui koti dukani. Mke wa mwenye bucha hanunui nyama kwa jirani, na mke wangu mimi, mimi ambaye wanawake wanapanda treni kutoka Stratford na Walthamstow mpaka Thornton Heath kuja kupimwa, hawezi kuingia kanisani na koti la watu asiowajua. Lakini aliingia nalo. Vuli iliyopita, Jumapili ya kwanza ya baridi, mbele ya macho ya kila mtu.

Niseme kwanza mimi ni nani, maana kuna watu wanadhani fundi ni mtu wa kuombaomba kazi. Niliishia darasa la saba, Morogoro. Hapa London nilianza na cherehani moja kwenye chumba cha kupanga, nimeiwekea blanketi chini ili jirani wa chini asigonge dari. Leo nina karakana yangu nyuma ya High Street na mafundi wananiita bosi. Futi ya kupimia naitumia kwa heshima tu. Mwanamke akivuka barabara kuja kwangu, mpaka afike mlangoni nimeshajua kiuno chake na bega lipi limeshuka.

Na tangazo langu lilikuwa mke wangu. Kila mwaka baridi ikianza namshonea koti jipya. La mwaka juzi lilikuwa rangi ya damu ya mzee, kola imesimama mpaka masikioni, kiuno kimebanwa, bitana ya kitenge inachungulia kwenye pindo akitembea. Akilivaa Jumapili ya kwanza, chai ya baada ya ibada haijapoa nimeshapata wateja wa mpaka Krismasi. Miaka yote ilikuwa hivyo, na hajawahi kulalamika. Sijawahi kumsikia.

Jumapili hiyo mimi nilitangulia kanisani kupanga viti, sikumwona akitoka nyumbani. Baada ya ibada nikiwa na kikombe changu cha chai, mteja wangu mmoja, mama wa Kikongo anayefanya usafi maofisini, akanishika mkono.

"Papa fundi, hii koti ya mama iko muzuri sana! Sasa unashona namna ingine? Mimi nataka ya vile vile."

Nikageuka. Mke wangu amesimama dirishani ndani ya kitu cha rangi ya ugoro. Kirefu mpaka kwenye vifundo vya miguu, mabega yameanguka, mikono mipana kama joho, pindo halijakunjwa, nyuzi zinaning'inia. Vifungo vitatu vya mbao, vikubwa kama vifuniko vya chupa. Koti la kulimia.

"Hapana dada," mke wangu akasema, taratibu kabisa. "Hili nimenunua."

Kulikuwa na nesi mmoja wa Kikenya pale, mtu asiyeweza kuacha jambo likapita. Akaweka kikombe chini ili acheke vizuri.

"Wueh! Fundi amenyang'anywa bibi na duka! Pole baba, utazoea."

Wakacheka wote. Mchungaji naye alicheka, nikamwona, na suti aliyovaa nilimshonea mimi.

Nyumbani nikalikagua. Kadi ya duka ilikuwa bado imefungwa kwa uzi ndani ya mfuko. Nikampa binti yetu asome. Huyu kazaliwa hapa, Kiswahili anakisikia lakini anajibu Kiingereza. Siku hiyo nikamwambia anisomee kwa lugha yangu.

"Dad, ni nguo za winter. Zinatoka... wanasema zinatoka kwa mtaa wa wasanii. Wachoraji wa zamani, kule Chelsea. Wanawake walikuwa wanavaa koti za kuchorea, wanatoka nazo nje, hawajali. Ni kama uhuru."

Uhuru! Chelsea naijua mimi. Miaka yangu ya kwanza nilifagia ngazi za nyumba za Chelsea kabla wenyewe hawajaamka. Ukutani kuna vibao vya duara vya buluu: hapa aliishi mchoraji fulani. Harufu ya rangi sikuisikia hata siku moja, labda ya watu wanaopaka mageti. Hao wachoraji walivaa makoti mapana ili waingize shati juu ya shati, kwa sababu hawakuwa na makaa ya kuwasha. Nyuzi ziliwaning'inia kwa sababu hawakuwa na hela ya fundi. Leo mtaa huohuo haumpangishi mchoraji hata stoo, halafu wanamuuzia mke wangu nyuzi zinazoning'inia! Thornton Heath hapa watu wanalala na makoti kwa kuogopa bili ya hita. Mbona hajaja mtu kuchukua mtindo wetu akaweka dirishani?

Niliyasema hayo yote nimesimama. Mke wangu alikuwa anamenya viazi. Akaniacha mpaka koo likanikauka.

"Umemaliza?"

"Sijamaliza."

"Baba watoto, makoti yako mimi siyavai. Yananivaa. Nikiliweka tu mwilini natakiwa nisimame wima, nitabasamu, nigeuke watu waone mgongo. Watu hawanisalimii mimi, wanasalimia koti. Nilitaka kitu cha kwendea kazini na kurudi."

"Si ungeniambia?"

"Ningekuambia, ungeshona nini? Lingine la kusimama."

Kesho yake, kabla sijamrudishia koti, akaenda zamu kwenye nyumba ya wazee na jaketi lake la kazi. Mimi nikalibeba lile koti mpaka karakana, nikalitandika mezani, nikatoa wembe. Nilitaka nimwonyeshe uchafu wa ndani. Nikafumua mkono wa kushoto, nikafumua bitana. Bitana nyepesi kama karatasi. Vifungo vimeshikwa na uzi wa kupitisha mara mbili, basi. Hayo niliyatarajia. Lakini kwapa! Kwapa limekatwa pana, limeongezewa kipande cha kitambaa chini yake, kiasi kwamba mwanamke akiinua mkono kushika bomba la basi, au akimnyanyua mzee kitandani, koti halipandi naye. La kwangu hupanda. Ukitaka kiuno kikae unabana kwapa, fundi yeyote anajua. Hapo ndipo hasira ikanipanda kweli, maana mtu aliyekata lile kwapa alikuwa amemfikiria mke wangu, na wala hamjui.

Mlango ukafunguliwa. Ni yeye, zamu imeisha mapema. Koti lake liko mezani halina mkono, limenyonyoka kama kuku. Mafundi wakaacha cherehani, wakatazama.

"Jumamosi nina sendofu, tunamuaga bibi harusi Walthamstow," akasema. "Nalitaka lilivyokuwa. Lilivyokuwa, sio unavyoona wewe lingefaa."

Akaondoka.

Mwambie mpishi arudishe mawe kwenye mchele aliokwisha kuuchagua, uone uso wake. Nilishona kwa mkono wangu pindo lisilokunjwa. Niliacha nyuzi zikining'inia, mimi! Kwenye kifungo cha juu tu mkono ukakataa. Nikakizungushia uzi shingoni inavyotakiwa, kikasimama imara.

Jumamosi akalivaa mbele ya kioo, akavuta kifungo kimoja kimoja.

"Na hiki?"

"Kilikuwa kinaanguka."

"Kifumue."

"Mama watoto, kitaanguka."

"Nitakiangusha mwenyewe. Ni changu."

Nikafumua. Nikakishika kwa uzi wa mara mbili, kazi ya kuaibisha hata mwanafunzi, na tukatoka, yeye mbele, mimi nyuma, macho kwenye kile kifungo. Kwenye ngazi za stesheni kikakatika, kikaruka vidato kadhaa. Alikisikia. Hakugeuka. Nikainama nikakiokota.

Ukumbini hita ilikuwa mbovu, hakuna aliyevua koti. Ulipoanza muziki wa kwaito mke wangu akainua mikono yote miwili juu, akacheza mpaka akatoka jasho, na lile koti halikusogea. Hakuna aliyemuuliza nani kashona.

Sasa baridi inakaribia kuisha. Kifungo ninacho mfukoni, na kukishona ni kazi ya dakika mbili. Sikishoni mpaka aniombe. Na haniombi. Kila asubuhi anatoka kwenda basi ameshikilia kola kwa mkono, upepo unampiga shingoni, na mimi niko dirishani nimekamata sindano ambayo tayari ina uzi.