Aliyeniuliza Ninataka Nini Ndiye Anayenizuia Kuondoka

Admin, ukiiweka hii kwenye ukurasa, jina langu libaki kwako tafadhali. Nina miaka arobaini na sita, Mtanzania, naishi Germantown, Maryland, huku Marekani. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani.

Huku nililetwa na msiba. Dada yangu aliyekuwa akiishi huku alifariki, akaacha mume na watoto wawili wadogo. Mimi wakati huo nilikuwa Arusha, nina mchumba ninayempenda, na posa imeshapokelewa. Baba akaniita: "Watoto wa dada yako walelewe na mgeni, na wewe upo?" Nikarudisha pete, nikapanda ndege. Baadaye nikafunga ndoa na shemeji.

Si mtu mbaya, hajawahi kuniinulia mkono. Ila chumbani tulikutana kwa nadra, bila neno, kisha anageukia ukutani.

Watoto wamekua. Binti, nitamwita Neema, yuko chuo anasoma fasihi ya Kiingereza. Mwaka jana walisoma riwaya za kale, za enzi za Malkia Viktoria, akawa ananisimulia nikiwa napika. Wanawake wanaacha wapenzi wao wakauguze wazazi au walee watoto wasio wao, na mwandishi anawaita malaika.

"Wanasifiwa kwa sababu hawaombi kitu, Mamdogo," alisema kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia tu. "Anayethubutu kutamani, mwandishi anamuua." Kisha akaniangalia. "Wewe ulitaka nini maishani?"

Sikuwahi kuulizwa hivyo na mtu yeyote. Nilizima jiko, nikaenda kulia bafuni.

Ndugu zangu, sitaficha. Kuna nesi mmoja Mkenya, amefiwa na mke, tunakutana nyumbani kwa bibi ninayemtunza huko Landover. Hatujafanya lolote. Lakini akinigusa tu tunapomgeuza mgonjwa, mwili wangu wote unaamka. Nilidhani hayo yalishakufa. Nilipomfungukia alisema, "Mimi siwezi kukuchukua ukiwa bado mke wa mtu. Jipange kwanza, halafu tuongee."

Nikajipanga. Nilimwambia mume wangu kwa upole kwamba nataka tuachane. Akaitikia kwa kichwa, akasema, "Nimekusikia."

Wiki hiyohiyo akapata kiharusi. Upande mmoja umelala, na maneno hayatoki.

Ndugu wa Arusha wanapiga simu kumshukuru Mungu kwamba mgonjwa ana mke anayejua kuuguza. Neema alipofika hospitali nilimvuta pembeni nikamweleza yote. Niliamini yeye atanielewa.

"Sasa Dad atatunzwa na nani?" akauliza.

"Mpo ninyi wanawe. Na kuna vituo vya kutunzia wagonjwa."

"Unataka kumtupa kwenye kituo?"

"Neema, si wewe uliyeniambia habari za wale wanawake?"

Akaanza kulia. "Zile ni hadithi, Mamdogo. Huyu ni baba yangu."

Tangu siku hiyo hanipigii simu, anampigia kaka yake. Mimi ndiye ninayemwogesha mgonjwa, namlisha, namgeuza. Juzi alinishika mkono akahangaika kutamka kitu. Nikainama nisikie. Neno lake la kwanza tangu augue lilikuwa jina la dada yangu.

Simchukii, Mungu ni shahidi. Lakini kila nikimfunika shuka najiona na mimi nafunikwa. Ninyi mnaosoma hapa, hasa kina mama, msinionee haya, semeni ukweli: mngekuwa mimi, mngebaki?